Jiwe na Maji: Mas'ala ya Kuwakumbuka Waliokufa Vitani

Mas'ala yanayotazamwa katika karatasi hizi ni haya: watu wakitaka kuwakumbuka waliokufa vitani, je, yafaa wajenge kitu ambacho walio hai watakistarehea, au kufanya hivyo ni kula katika sahani ya marehemu? Na mfano uliolizua neno hili ni birika la kuogelea.

Huenda msomaji wa pwani akastaajabu, kwa maana birika analolijua yeye ni lile la msikitini, la kutawadhia. Walakini jambo lenyewe si la mzaha, wala si geni duniani. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, na zaidi baada ya vile vya 1939 hadi 1945, watu wengi wa Uingereza, Australia, New Zealand na Marekani walichoka na minara na masanamu. Wakasema, ukumbusho na uwe kitu chenye uhai: maktaba, ukumbi, kiwanja cha michezo, au birika la kuogelea la mji mzima. Katika New Zealand serikali yenyewe, baada ya vita vya pili, ilitoa pauni moja kwa kila pauni iliyochangwa na raia kwa kazi za namna hiyo. Hata katika Afrika ya Mashariki njia hii ilipitwa, kwani mji wa Nakuru, katika Kenya, ulipata hospitali iliyoitwa kwa jina la ukumbusho wa vita.

Wakasimama wengine wakawapinga, na hoja yao ni nzito. Walisema: birika mlilitaka tangu zamani, na ukumbi mlikuwa mkiutamani kabla ya vita, leo mmekifanya kifo cha vijana wenu kuwa kisingizio cha kujipatia haja zenu. Aliyekufa hakufa ili nyinyi mpate pa kuogelea. Jiwe, walisema, halimfai mtu kwa lolote, na kwa sababu hiyo hasa halina hila ndani yake. Atakayelitazama hana analolipata ila kukumbuka.

Mwaka 1927 ni wa kuangaliwa katika habari hii. Mwaka huo katika Dar es Salaam palifunuliwa sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki, mahali ilipokuwa zamani sanamu ya Mdachi Hermann von Wissmann, iliyosimamishwa na Wadachi na kuondolewa Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916. Na mwaka huohuo, mbali kabisa, katika mji wa Honolulu visiwani Hawaii, lilifunguliwa birika la urefu wa mita mia moja, likijazwa maji ya bahari, kuwa ukumbusho wa watu wa visiwa vile, kama elfu kumi, waliotumika katika vita hivyohivyo. Wa kwanza kujitosa humo alikuwa Duke Kahanamoku, mwogeleaji aliyesifika dunia nzima. Basi msomaji na alinganishe. Sanamu ya Dar es Salaam ingali imesimama, wala haijampa mtu hata kikombe cha maji. Birika la Honolulu lilifunza watoto wengi kuogelea. Kisha chumvi ikazila kuta zake, matunzo yakawa haba, likafungwa mwaka 1979, na wenyeji wakabishana miaka na miaka, livunjwe au litengenezwe. Sanamu haina faida wala haina njaa; maji yana faida, na njaa pia yanayo.

Ama sanamu, Mwislamu hana haja ya kusumbuka nayo, kwani hukumu ya kuchonga kiumbe mwenye roho yajulikana hata na mtoto wa chuoni. Lakini asidhani kwamba kwa kuikataa sanamu amekwisha kuyajibu mas'ala. Jiwe lililoandikwa majina tu si sanamu. Bado swali liko palepale: jiwe la majina au maji ya watu?

Hapa ndipo habari ya Saad bin Ubada inapofaa. Mama yake alipokufa alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwuliza ni sadaka ipi iliyo bora. Akaambiwa ni maji. Naye akachimba kisima, akakitangaza kuwa ni cha mama yake. Mwenye kuizingatia habari hii ataona kwamba hoja ya wale wapinzani wa kwanza imepata jawabu. Waliokinywea kisima kile walikuwa ni walio hai, na wengi wao hawakumjua mama yule. Na kunufaika kwao hakukuwa wizi wa haki ya marehemu, bali ndiyo njia yenyewe ya thawabu kumfikia. Katika sheria, basi, kustarehe kwa aliye hai hakumpunguzii maiti chochote. Illa iko shuruti iliyofichama, na wengi huipita bila kuiona: kisima kile kilichimbwa kwa mali ya Saad. Hakukichimba kwa mali ya mama yake iliyokuwa mikononi mwake, kisha akajisifu kwamba ametoa sadaka.

Shuruti hii yataka mahali pa kupimiwa, na Tukuyu ni mahali pazuri pa kuipimia.

Tukuyu ni mji wa milimani, makao makuu ya wilaya ya Rungwe, juu ya Ziwa Nyasa upande wa kaskazini, nchi ya migomba, chai na kahawa, yenye mvua nyingi na baridi isiyozoelewa na mtu wa Mrima. Wadachi waliuita Neu Langenburg, na kusini yake, Masoko, kando ya ziwa la duara lililozaliwa na volkano, waliweka kikosi chao cha tano. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Jenerali Edward Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kabla ya mwezi huo kwisha Waingereza walikuwa wameutwaa mji. Tangu hapo hata Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, nchi zile za kusini hazikupumua. Katika nyika nyingi za njiani palikuwa na ndorobo, ng'ombe na farasi wakafa, na magari yalikuwa machache. Basi kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilibebwa kichwani mwa mtu au begani mwake. Wadachi walichukua wapagazi, na Waingereza wakachukua wapagazi. Wengi walikwenda kwa kulazimishwa. Kwa upande wa Waingereza pekee jumla yao hukadiriwa kuwa kama milioni moja, na waliokufa kuwa kiasi cha laki moja. Si risasi iliyowaua wengi wao, bali kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Mtu aliyezoea ndizi alipewa unga, wala hakuwa na kuni wala nafasi ya kuupika ukaiva, matumbo yakaharibika, akaachwa kando ya njia, na mzigo wake ukapewa mwingine.

Maandiko yaliyo chini ya askari wa Dar es Salaam, yaliyotiwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha herufi za Kizungu na cha herufi za Kiarabu, yawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. (Kichwa ni nani, hakukuandikwa, na hapakuwa na haja.) Kisha yatoa ahadi kwamba mwenye kufa kwa kuipigania nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri, lakini juu ya jiwe lile hamna jina hata moja. Na mtu aliyetolewa shambani kwake Rungwe mwaka 1916, akabebeshwa ratili hamsini za jeshi lililokuja jana kupigana na jeshi lililokuja juzi, yataka ujasiri kumwambia kwamba aliipigania nchi yake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri, katika taarifa ya uchunguzi wake, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Miaka zaidi ya mia ilikuwa imepita.

Na juu ya jina pana mshahara. Maelfu ya wapagazi walikufa kabla ya kulipwa, na jamaa zao hawakujua waende kwa nani kudai. Fedha zile zikabaki. Palitokea rai kwamba, maadamu warithi hawapatikani mmoja mmoja, fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya wenyeji kwa jumla. Wakuu wa London wakakataa. Neno hili ndilo kiini cha mas'ala yote. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi wamekwisha kulitolea hukumu mfano wake zamani sana. Imam Nawawi katika Majmuu amenakili kwa Ghazali kwamba mwenye mali mkononi isiyo yake, akawa hamjui mwenyewe wala warithi wake na amekata tamaa ya kuwapata, basi na aitumie katika maslaha ya watu wote, mfano wa madaraja na misikiti na nyumba za wasafiri. Rai ile iliyokataliwa London, basi, ingemwelea kadhi yeyote wa Lamu au Unguja pasipo kufungua kitabu.

Kwa hiyo tofauti hasa si baina ya jiwe na maji. Tofauti ni baina ya sadaka na deni. Mtu baki akijenga birika Tukuyu kwa mali yake, akanuia kuwakumbuka wapagazi, hiyo ni hisani, na Mungu atamlipa. Bali mwenye kushika mali ya wafu akijenga birika, hakutoa kitu. Amelipa, na amelipa kwa kuchelewa. Hana haki ya kuandika jina lake mlangoni. Hana haki ya kuchagua nani aingie na nani azuiwe, kama walivyofanya walowezi katika mabirika yao ya anasa zama za ukoloni. Wala hana haki ya kutoza fedha mlangoni kwa watoto wa wale wale anaowalipa. Na akijenga sanamu badala yake, deni liko vilevile, kwa kuwa sanamu haimfikishii mrithi kitu.

Akisema msemaji: wapagazi wengi wa Rungwe hawakuwa Waislamu, basi mambo yao yamhusu nini mwenye kusoma karatasi hizi? Atajibiwa kwamba deni haliulizi dini ya mdai. Mtume alijizuia kumsalia maiti mwenye deni hata Abu Qatada alipolidhamini; wala hapana fakihi aliyesema kwamba deni la Myahudi au la Mkristo ni jepesi zaidi. Isitoshe, katika misafara ile watu wa Mrima na watu wa bara walikuwamo pamoja, wakala unga mmoja.

Yako masimulizi ya mwaka 1964 yanayofaa hapa. Serikali ya Ujerumani ya Magharibi mwaka huo ilikubali kuwalipa askari wa Kidachi waliokuwa wangali hai malimbikizo ya mishahara yao. Mwanza walikusanyika wazee kama mia tatu na hamsini, na wachache tu walikuwa na hati. Husimuliwa kwamba mlipaji aliwapa ufagio mmoja mmoja, akawaamrisha kwa Kijerumani kama gwarideni, nao wakazifuata amri zote pasipo kukosea, wakalipwa. Ni hadithi ya kufurahisha, na wengi huisimulia kwa kicheko. Lakini mwenye kufikiri atauliza: lau angalifika mpagazi, angalionyesha nini? Kubeba hakuna amri zake. Angaliweza kuinama tu, na kila mtu maskini aweza kuinama.

Sasa turejee birika lenyewe. Mtu wa pwani atacheka kusikia kuogelea Tukuyu, penye baridi ya kutia meno mtetemo. Na tena atasema kwamba maji huko si haba, bali mvua hunyesha hata watu wakaomba ipungue. Kicheko chake kina elimu ndani yake. Maulamaa waliposema maji ni sadaka bora walitazama haja ya watu: penye kiu, maji, penye njaa, chakula. Nchi ya Rungwe haina kiu. Ina mito iendayo mbio, Kiwira na Mbaka. Ina maziwa ya volkano yenye kingo za kuporomoka, Masoko na Ngosi. Na chini yake liko Ziwa Nyasa lenye mawimbi kama ya bahari. Katika nchi kama hiyo sadaka ya maji si maji. Ni ukuta wa kuyazuia, kina kijulikanacho, mwalimu, na mlinzi wa kukaa macho. Mtoto hutafuta maji popote yalipo. Heri ayatafute palipo na mtu wa kumshika mkono.

Na jambo hili lina uhusiano na vita kuliko mtu anavyodhani. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imechukua kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki pamoja na watu wengine. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldive, manowari ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa muda wa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa. Waliobahatika kutoka wakawa juu ya maji, na manowari ikajificha chini yao. Manuwari za Kiingereza zilizoisindikiza meli zikatupa mabomu ya kilindini papo hapo, penye watu wanaoogelea, ili adui asiokoke na kuzipiga meli nyingine. Kama amri ile ilikuwa haki au dhuluma, ni mas'ala mengine mazito yanayostahili karatasi zake. Majina ya askari wengi wa Kiafrika waliopotea siku ile yameandikwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwa kuwa bahari haina kaburi la kuzuriwa. Na hapana asemaye kwamba kujua kuogelea kungaliwaokoa wote. Lakini maji yameendelea kuwala watu wa nchi hizi katika siku za amani: Mv Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, Mv Nyerere mwaka 2018. Imepokewa kutoka kwa watu wa kale kwamba mtoto afunzwe kuogelea kama afunzwavyo kulenga shabaha na kupanda farasi. Basi mwenye kuliona birika kuwa ni mchezo mtupu hajakaa matangani kwa mtu aliyezama.

Ama wasiwasi wa wengine, kwamba vicheko vya watoto juu ya maji ni utovu wa adabu mbele ya wafu, si wenye nguvu. Monica Wilson, mtaalamu aliyekaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika jinsi walivyokuwa wakifanya ngoma katika mazishi yao, wanaume na mikuki yao, huzuni na uchangamfu vikichanganyika. Mwislamu hatakiwi kuifuata desturi hiyo, wala asiicheke; yatosha kumjulisha kwamba wapagazi wa nchi ile wasingalitaka kukumbukwa kwa kunyamaza tu. Adabu zinazotakiwa birikani ni zilezile za siku zote: mwanamume afunike baina ya kitovu na magoti, na wanawake wawe na siku zao na mlinzi wao mwanamke. Na yule atakayeuliza kama maji yatanajisika kwa mkojo wa mtoto mmoja, ajue kwamba qulla mbili ni kama lita mia mbili tu, na birika ni maelfu kwa maelfu. Hayanajisiki illa yakigeuka rangi au ladha au harufu. Kama yatapendeza kuingiwa, hilo ni la mwenye kuingia.

Lililo la kuogopwa kweli ni sahau. Kitu chenye faida husahaulisha upesi kuliko jiwe, kwa sababu watu hushughulika na faida yake. Ushahidi uko Dar es Salaam, katika Kariakoo. Jina lile latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi pale baada ya 1916. Soko likajengwa, jengo jipya likafunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, na siku zote hizo maelfu ya watu wamelitamka jina la wapagazi kila siku, wakinunua nyanya na vitambaa, pasipo mmoja kati ya mia kujua kwamba amewataja wafu. Ni ukumbusho mkubwa kuliko wote katika nchi, na hauna mkumbukaji.

Kwa hiyo birika la Tukuyu, likijengwa, na liwe na mambo mawili ambayo Honolulu na Kariakoo hayakuwa nayo. La kwanza ni wakfu: vibanda vya kupangishwa kandokando, au shamba la chai, mapato yake yafungwe kwa saruji, dawa za maji na ujira wa mlinzi, wala yasiguswe kwa jingine, na msimamizi wake atoe hesabu mbele ya watu kila mwaka. Fedha zikitengwa za kujenga pasipo za kutunza, heri lisijengwe. La pili ni maandiko ukutani, nayo yaseme kwamba hili ni deni lililolipwa kwa wapagazi wa Rungwe, si zawadi ya mtu. Na mwalimu, kabla hajamtia mtoto majini siku ya kwanza, amsomee. Kwa kuwa majina yao mengi hayajulikani, yaandikwe majina ya vijiji walikotolewa, maana vijiji vyajulikana hata pale ambapo watu wamepotea. Na chini ya jina la kila kijiji pabaki nafasi tupu katika jiwe, kwa sababu huenda mzee fulani, katika nyumba fulani ya migombani, angali amelihifadhi jina la babu aliyekwenda na mzigo asirudi, akateremka siku moja kulileta.